Shahidi Hasemi

Miwani ndiyo iliyomshtua Sekela.

Mwalimu Asajile alikuwa mtu wa kuitunza miwani yake kama yai. Katika mazoezi matatu ya kujifanya ameanguka ambayo Sekela aliwahi kuyashuhudia, mwalimu aliivua kwanza, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, ndipo akajiachia kwa ubavu wa kushoto, taratibu, kama mgeni anayekijaribu kitanda cha watu. Leo alikuwa anaandika ubaoni neno "uamuzi". Alipofika katikati, chaki ikachora mstari mrefu wa kushuka, na yeye akaufuata. Alianguka kifudifudi. Kioo kikasagika chini ya uso wake, darasa zima likasikia.

Hakuna mtoto aliyepiga kelele. Walikuwa arobaini na mmoja, kila mmoja ana ushanga wake shingoni, punje moja nyeusi ya ukubwa wa haragwe kwenye uzi wa buluu. Taa ndogo za kijani zilikuwa zinawaka ndani ya zile punje kama siku zote, maana yake Mizani anasikia, Mizani anaona.

"Zoezi," alinong'ona mtu wa mstari wa mbele.

Wakaanza kusogeza madawati wafanye duara.

Sekela alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nyuma ya darasa, kibao cha kioo mapajani, mgongo ukutani. Juu ya kichwa chake lilibandikwa tangazo ambalo kila shahidi wa darasa alilikariri siku ya kwanza ya kazi: SHAHIDI NI MACHO, SI MDOMO. Chini yake, kwa herufi ndogo, adhabu: shahidi akitoa sauti au kuinuka wakati wa zoezi, matokeo ya darasa lote yanafutwa. Si ya mtoto mmoja. Ya wote. Miaka saba ya shanga inakuwa kama haikuwahi kuwepo.

Na hii ilikuwa Wiki ya Mazoezi ya Mwisho. Katika wiki hiyo zoezi halitangazwi. Linaweza kuja asubuhi, linaweza kuja watoto wakiwa chooni. Shahidi mwenyewe haambiwi, uso wake usije ukawapa watoto habari. Anayejua ni mwalimu peke yake, na mwalimu alikuwa chini.

"Ndugu zangu," alisema mwenyekiti wa duara, sauti yake nyororo, mikono ameikunja mapajani. "Tuna tatizo. Kwanza tulitambue tatizo lenyewe. Nani angependa kuanza?"

Mwenyekiti huyo alikuwa Bupe, mdogo wake Sekela, tumbo moja.

Lugano aliinua vidole viwili, ndiyo alama ya kuomba zamu. "Mimi nadhani mwalimu ameanguka."

"Asante, Lugano. Nimekusikia ukisema mwalimu ameanguka. Kuna mwenye wazo tofauti?"

Ipyana naye akainua vidole. "Mimi sina wazo tofauti, ila ningependa kumpongeza Lugano kwa ujasiri wa kuanza."

Wakapiga makofi matatu, ya polepole, kama walivyofundishwa.

Sekela alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika mbili.

*

Kama wewe hukukulia nyakati hizo, huenda ukauliza: watu wazima walikuwa wapi? Walikuwepo. Shule ya Lwisolo ilikuwa na walimu tisa. Lakini Wiki ya Mwisho hakuna mguu uliosogea karibu na darasa la saba, hata mpishi aliupeleka uji kwa kuzungukia nyuma ya bustani ya migomba. Wazazi waliochuma chai kwenye vilima vya jirani walishusha sauti. Kila mtu alijua kinachopimwa mle ndani.

Zamani mtoto alipimwa kwa karatasi. Sekela alikuwa katika kundi la mwisho la karatasi. Aliumwa malaria siku ya hesabu, akaishia la saba, akashika kikapu cha chai. Baadaye wakubwa wakasema karatasi haimpimi mtu, inapima kumbukumbu tu. Wakasema mtoto apimwe stadi za maisha: kufikiri, kuamua, kusikiliza, kushirikiana, kuvumilia. Nani angebisha? Neno lilikuwa zuri. Ndipo ikaja Mizani, mashine ya kuyapima hayo, na watu kwa mazoea wakawa wanaitaja kama mtu.

Ila Mizani peke yake haikujua uvumilivu ni nini. Ilibidi ionyeshwe na macho ya mtu. Kwanza wakachukua wasomi, lakini wasomi walibishana na mashine kutwa. Wakaja kutafuta watu wa darasa la saba, watulivu, wanaoweza kutazama kitu kimoja siku nzima bila kuchoka. Sekela, aliyeweza kukaa na jani la chai kiganjani mpaka alijue lina siku ngapi, alipita kwa urahisi. Kila siku Mizani ilimletea vipande mia mbili vya picha: mtoto anamwazima mwenzake kalamu, mtoto anakatiza, mtoto anangoja. *Huku ni kusikiliza?* Kijani, ndiyo. Nyekundu, siyo.

Kijani hakiulizi sababu. Nyekundu huuliza. Ukibonyeza nyekundu panafunguka nafasi nyeupe: *Eleza kwa sentensi tatu.* Na Sekela, mbele ya nafasi nyeupe, alikuwa akitokwa na jasho kama mwizi. Basi kwa miaka miwili alibonyeza kijani. Mtoto aliyekaa kimya, kijani. Mtoto aliyengoja zamu, kijani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kungoja. Aliona kungoja ni jambo jema. Vipande alivyovithibitisha vilipelekwa kufundishia Mizani ya kanda nzima.

Tena jioni, mekoni, alimfundisha Bupe. "Usiseme haraka. Kwanza rudia alichosema mwenzako. Halafu shukuru. Mizani anapenda ushukuru." Bupe alikuwa mwepesi. Akawa wa kwanza kimkoa.

*

Saa nne na dakika tano.

"Nyie, amekojoa."

Aliyesema hakuinua vidole, na ushanga wake ukalia kidogo. Gwantwa, binti wa mama muuza ndizi za kuchoma, alama zake za kusikiliza zilikuwa za chini kuliko za mtoto yeyote pale Lwisolo. Alikuwa ameinama juu ya mwalimu, wakati wenzake wote wameketi.

"Gwantwa," Bupe alisema kwa upole, "tunathamini mchango wako. Omba zamu."

"Zamu ya nini! Nimesema amekojoa, suruali yote imelowa, njoo uone!"

"Inaweza kuwa maji," Lugano alisema. "Mwaka huu wamesema zoezi litafanana na kweli. Wanaweza kumwekea mfuko wa maji."

"Mfuko wa maji unanuka mkojo?" Gwantwa aliwageukia. "Mtu mzima? Mwalimu Asajile, ambaye hata akipiga chafya anatoka nje kwanza? Ajikojolee mbele ya watoto ili wewe upate alama? Baba yako anaweza, Ipyana? Mzee wa kanisa yule, anaweza?"

"Usimtaje baba yangu. Hiyo si lugha ya staha."

Watoto wawili watatu walicheka, wakajiziba midomo walipokumbuka shanga.

Lakini Sekela maneno yale yalimwingia kama mwiba. Huko kwao mwanaume mtu mzima akijikwaa mbele ya watoto, atacheka kwanza, maumivu atayatafutia pa faragha. Mkwe hamwoni mkwewe akila. Baba haogi mahali mwanawe atapita. Hilo Mizani haikulijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuionyesha. Wakubwa wa mjini wangeweza kutengeneza miwani ya kuvunjika. Wangeweza kutengeneza hata damu. Ila kumshawishi Mwalimu Asajile alowe mbele ya wanafunzi wake, hapana. Angeacha kazi.

Au wangeweza? Kwenye semina, afisa aliwaambia kwa fahari: "Mwaka huu zoezi litakuwa kweli kuliko kweli yenyewe. Mtatamani kusema. Msiseme."

Alitazama mikono ya mwalimu. Huo ndio ulikuwa ujuzi wake wa pekee duniani, kutazama. Mkono wa kushoto ulikuwa unapapasa sakafu, vidole vinatafuta, labda miwani. Wa kulia umelala kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo umevutwa upande mmoja na mate yanashuka kwenye vumbi la chaki.

*Nitasema.* Alijisikia akijiambia hivyo. *Nikifika sitini nitasema.* Akahesabu mpaka sitini. Akaanza upya.

"Dada Sekela!" Gwantwa alikuwa amesimama mbele ya kigoda. Kifua kinapanda na kushuka. "Wewe ni mtu mzima. Si unaona? Sema neno!"

Sekela alifungua mdomo.

Kule kwenye duara Bupe alikuwa anamtazama. Mikono bado imekunjwa, uso bado una tabasamu la mwenyekiti, lakini macho yalikuwa yanalia bila machozi: *usiseme, dada, nakuomba, usiseme.* Watoto arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja wakashike vikapu vya chai kwa sababu ya sauti yake yeye mmoja, na kama lile lilikuwa zoezi?

Akafunga mdomo.

Gwantwa alimwangalia kwa muda mfupi tu. Hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana.

"Haya. Kaeni na duara lenu."

Akafungua mlango, akaruka kizingiti. Ushanga wake ukalia kilio chembamba kama cha kifaranga kilichokanyagwa, taa ikageuka nyekundu, ikazimika. Nyayo zake zikasikika zikikata uwanja kuelekea zahanati, nyuma ya banda la kupimia chai.

Bupe alikohoa kidogo. "Mwenzetu ameamua kujitoa. Tuheshimu uamuzi wake. Tuendelee. Ipyana, ulikuwa na vidole."

Ilikuwa saa nne na dakika nane.

*

Saa nne na dakika kumi na tatu muuguzi aliingia mbio, Gwantwa nyuma yake bila kiatu kimoja. Muuguzi alipiga magoti, akamgeuza mwalimu, akamfungua kola, akamfunua jicho. Halafu akainua kichwa akaona duara. Akaona watoto wamekaa wima, vidole viwili viwili juu. Mwisho akaona kigoda, na mtu juu yake.

"Kiharusi hiki. Ameanguka saa ngapi?"

Watoto walitazamana, nani ana zamu.

"Nauliza ameanguka saa ngapi!"

"Saa nne na dakika mbili," alisema Sekela. Sauti yake ilitoka kavu, ya mtu aliyeamka.

Muuguzi alitazama saa. Akamtazama yeye.

"Na wewe muda wote huo umekaa hapo ukifanya nini, mama?"

*

Mwalimu Asajile hakufa. Alibaki na nusu ya mwili, na hakubaki na neno hata moja. Muuguzi alisema angeitwa mwanzoni huenda ulimi ungeokolewa, huenda usingeokolewa, lakini zile dakika hakuna atakayezirudisha.

Afisa Kiangi alifika kesho yake mchana kutoka wilayani, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole na viatu vilivyojaa matope. Alimkuta Sekela peke yake katika chumba cha walimu. Sekela alipiga goti kidogo kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Pole sana." Alipuliza chai yake kabla hajainywa. "Nimekuja na jambo, na sitaki nikuzungushe. Mizani imeliandika lile tukio kuwa zoezi, mpaka muuguzi alipoingia. Mwalimu alianguka ndani ya wiki, hakuna aliyelifuta, basi kwake ni zoezi. Na alama, binti, sijawahi kuona. Darasa lenu ni la kwanza nchini."

"Lakini halikuwa zoezi."

"Najua." Akaweka kikombe chini. "Wewe unajua, mimi najua, muuguzi anajua. Mizani haijui mpaka shahidi aiambie. Leo kabla ya saa kumi na mbili itakuuliza swali moja tu: hili lilikuwa zoezi? Ukibonyeza kijani, watoto arobaini wanakwenda sekondari. Yule mmoja aliyetoka, basi, sheria ni sheria. Ukibonyeza nyekundu, hakuna zoezi lililofanyika hapa, na mwalimu wa kulifanya hayupo, na wiki inaisha leo. Hawana matokeo. Wanarudi nyumbani wote."

"Hata hawezi kuletwa mwalimu mwingine?"

"Mwalimu hutayarishwa mwaka mzima." Alijifuta paji la uso. "Sikiliza. Mwalimu ameshaanguka. Kubonyeza nyekundu hakumwinui."

Sekela alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayepapasa ngazi gizani, "Vile vipande vya jana vitakwenda wapi, baba?"

Afisa alikizungusha kikombe mezani. "Vinakuwa mfano. Darasa la kwanza nchini, vipande vyake hufundishia Mizani nchi nzima. Ndivyo ilivyo kila mwaka."

"Kwa hiyo watoto watafundishwa mtu akianguka wakae duara."

"Binti..."

"Na mwakani, mwalimu mwingine akianguka kweli?"

"Ataitwa muuguzi."

"Na nani?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Afisa Kiangi aliinuka, akachukua mwavuli wake, akasimama mlangoni amempa mgongo.

"Mdogo wako ndiye wa kwanza, nimeona. Mtoto yule atafika mbali." Akaufungua mwavuli. "Mimi nina wangu watatu wenye shanga. Usidhani silali na haya mambo."

*

Mekoni kulikuwa na moshi na harufu ya ndizi zilizoanza kushika chini ya sufuria. Mama yao alikuwa hajarudi chaini. Sekela aliketi karibu na jiko, kibao mapajani, na Bupe alikaa mkabala naye kwenye gunia, sare bado mwilini, ushanga shingoni. Wiki haijaisha, ushanga hauvuliwi.

Saa kumi na moja na nusu kibao kililia. Mizani ilianza kwa vipande, kama kawaida yake.

Gwantwa amesimama mbele ya kigoda. *Alikatiza wenzake mara sita. Alijitenga na kundi.*

Bupe mikono mapajani. *Aliongoza kwa utulivu mpaka mwisho. Kiwango cha juu kabisa.*

Kikafuata kipande ambacho Sekela hakukitegemea. Ulikuwa uso wake mwenyewe, ukutani, chini ya tangazo. Mdomo unafunguka. Unafungwa. *Shahidi alivumilia dakika kumi na moja. Mfano kwa mashahidi wote.*

Alikitazama mpaka mwisho. Akakirudia. Shuleni kulikuwa na maneno yamepakwa rangi ukutani, mvumilivu hula mbivu; aliyapita kila asubuhi kwa miaka miwili, na hakuwahi kujiuliza mbivu ikikaa sana mtini inakuwaje. Huyu mwanamke kwenye kioo hakuonekana mtulivu. Alionekana mtu anayemtazama mwenzake akizama huku akishika nguo zake zisilowe. Na mashine ikasema vizuri. Nani aliifundisha kusema vizuri? Kidole hiki hapa. Kijani, kijani, kijani, kwa kuogopa sentensi tatu.

*Je, hili lilikuwa zoezi?*

"Dada," alisema Bupe.

"Mm."

"Nilikosea wapi? Nilifanya kila kitu ulichoniambia."

"Hukukosea."

"Nilijua." Sauti ya Bupe ilishuka ikawa ya mtoto mdogo. "Niliona mkono wake. Nilijua tangu Gwantwa aliposema. Ila nilifikiri nikisema mimi, na wewe upo, na wewe mtu mzima hujasema, basi labda mimi ndiye sijui."

Ndizi ziliungua. Hakuna aliyeziepua.

Sekela aliweka kidole juu ya kijani. Akamwona Bupe na sanduku la bati na godoro jipya, kituoni, asubuhi ya kwenda sekondari, mama analia kwa furaha. Kidole kikakaa hapo muda mrefu. Akakishika kwa mkono wa pili kama anavyoshikwa kuku. Akaona duara. Si hili la jana. Maduara mengi, Tunduma, Kigoma, Lindi, watoto wazuri wamekaa wima wanapongezana, na katikati ya kila duara mtu amelala kifudifudi anapapasa sakafu.

Akabonyeza nyekundu.

Nafasi nyeupe ikafunguka. *Eleza kwa sentensi tatu.*

Jasho lilimtoka, lilelile la siku zote. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akifuta, akirudia. *Mwalimu alikuwa anakufa na sisi tulikuwa tunangoja zamu. Gwantwa peke yake ndiye alifikiri. Mimi shahidi niliona yote nikanyamaza kwa hiyo vipande vyangu vyote vya miaka miwili msiviamini.* Akatuma kabla hajaanza kuona aibu.

Aliinua macho. Ng'ambo ya jiko Bupe alikuwa amemtolea macho, uso umekakamaa, midomo inacheza. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Vidole viwili. Alikuwa anaomba zamu ya kulia.

Sekela alizunguka jiko kwa magoti, akaushika ule mkono, akaushusha.

"Bupe, nisikilize, mimi nili—"

"Umeniua!" Bupe alimpigia kelele usoni. "Umeniua, umetuua wote! Ulikuwa wapi jana? Jana ndiyo ungesema! Jana, dada, siyo leo, jana!"

Ushanga ukalia shingoni mwake kilio cha kifaranga. Alikuwa hajawahi kumkatiza mtu tangu aanze darasa la kwanza.

Sekela hakujitetea. Alibaki amepiga magoti kwenye majivu, na kila neno lililokuja alilipokea.